Bibi Ameuliza Yesu ni Nani

Jumamosi, kijijini Amani. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni.

Leo sipo Tanga mjini. Naandika nikiwa kwa Bibi, huku juu milimani, nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni na shuka la Shangazi mabegani utadhani mimi ndiye mzee wa nyumba. Ukungu uliingia tangu alfajiri na hautaki kuondoka. Miti ya ng'ambo ya bonde inaonekana, inapotea, inaonekana tena. Shangazi ameanika iliki juu ya jiko, nyumba nzima inanukia chai ambayo bado haijapikwa. Mtandao hapa unaupata ukisimama nyuma ya banda la mbuzi, kwa hiyo naandika kwanza, kuiweka kwenye blogu ni baadaye.

Nina usingizi ambao si usingizi. Tangu nilipofika jana najiona natembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine, na mwenye ndoto ni Bibi.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana wengine mnaopita hapa hamnijui.

Mimi nipo mwaka wa pili, nasomea maabara katika chuo kimoja pale Tanga. Nimepanga chumba Chumbageni na mwenzangu Mwanaidi, binti wa Pangani. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, na bado naapa wallahi bila kujishtukia. Ukikaa Tanga, maneno ya jirani yanahamia kinywani mwako bila kodi. Mwanaidi huamka alfajiri kuswali. Mwaka wa kwanza nilikuwa namsikia akienda kutawadha, nami najifunika shuka vizuri na kugeukia ukutani. Siku moja tunamenya viazi, akaniuliza kwa nini naamini ninachoamini. Hakuwa na ubishi. Alitaka kujua tu, kama mtu anavyouliza kwenu mnapikaje muhogo.

Nilitafuta kichwani nikakuta sare ya kwaya na picha ya kipaimara, basi. Nikamwambia nimezaliwa humo. Akaitikia kwa upole, akaendelea na viazi vyake. Mimi nilibaki na aibu wiki nzima.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye darasa la utetezi wa imani. Ni kikundi kidogo ndani ya ushirika wetu wa Kikristo chuoni, tunakutana Alhamisi jioni baada ya vipindi. Kiongozi wetu ni Kaka Elisha wa mwaka wa mwisho, mrefu, mpole, mtu wa kusema "subiri kwanza" kabla ya kila jambo. Pale nilijifunza kwamba imani inaweza kuulizwa maswali na isife. Tulijadili kaburi tupu na wale walioshuhudia. Tulijadili kwa nini ulimwengu upo wakati ungeweza kabisa kutokuwepo. Tulijifunza kumsikiliza mtu mpaka amalize, kazi ambayo kwangu mimi ilikuwa ngumu kuliko zote.

Jamani, nilipenda. Mtu wa maabara naletewa Mungu pamoja na ushahidi. Nilikuwa narudi Chumbageni najibishana peke yangu barabarani, mama wa mihogo ya kukaanga ananiangalia kwa huruma. Nikaanza kuomba kwa maneno yangu mwenyewe, si yale ya kukariri. Na nikamrudia Mwanaidi na jibu langu. Alilisikiliza lote, akasema hakubaliani nalo ila sasa ananielewa. Tangu hapo mazungumzo yetu ya mambo ya Mungu yamekuwa matamu kuliko umbea, na umbea tunaupenda.

Kikundi chetu kina desturi moja. Kila Alhamisi mmoja wetu anakaa kwenye kiti mbele ya wengine na kuuliza swali lake la kweli, lile linalomuuma, si la kutoka kwenye kitabu. Tunakiita kiti cha mashaka. Zamani kiliitwa kiti cha moto, mpaka mwenzetu mmoja aliposikia "kiti moto" akaja na hamu ya nyama ya nguruwe, jina likabadilishwa. Ni marufuku kumwambia aliyekaa "amini tu". Na asiye na jibu anasema sijui, haruhusiwi kuzungusha maneno. Mimi nilikuwa hodari wa kujibu. Zamu ya kukaa nilikuwa naikwepa, mara nina kifua, mara nina mtihani.

Mwezi uliopita Shangazi alinipigia simu.

Shangazi ni mdogo wake baba, ndiye anayeishi na Bibi. Bibi ana ugonjwa wa kusahau. Alianza kwa kusahau chumvi alipoiweka, akasahau majina ya wajukuu, kisha akatusahau wenyewe. Tulizoea, au tulijidai tumezoea. Sasa siku ile Shangazi akanisimulia kwamba mchungaji alikuja nyumbani kumletea Bibi Chakula cha Bwana, kama anavyowafanyia wagonjwa. Bibi alikuwa amekaa vizuri, kafungwa kilemba, katulia. Mchungaji alipolitaja jina, Bibi akamkatiza kwa adabu zake zote.

"Samahani, baba. Huyo Yesu ni wa kwa nani?"

Shangazi alicheka aliponisimulia. Halafu akaacha kucheka.

Inabidi mjue Bibi ni nani. Bibi ndiye aliyenifundisha Baba Yetu, kwenye kizingiti hiki hiki nilichokalia. Aliongoza umoja wa akina mama miaka na miaka. Alikuwa anapanda vilima hivi kwenye tope kwenda kumwombea mgonjwa, na akirudi anaomba tena kana kwamba ya kwanza hayakutosha. Alipochuma chai aliimba, alipopalilia aliimba. Kama kuna mtu niliyemwona anaongea na Yesu kama anayeongea na jirani upande wa pili wa ua, ni yeye. Sasa anauliza ni wa kwa nani.

Swali likaingia ndani yangu likakataa kutoka. Kama imani ni kujua, basi Bibi hajui tena. Kama ni kukiri, hakiri tena. Na mimi niliyekusanya hoja zangu nikazipanga kichwani kama vyombo kabatini, siku kichwa kikifungwa nitabaki na nini? Hilo nilikuwa naweza kuliahirisha. Lisiloahirishika lilikuwa la Bibi. Nilitaka kujua kama bado ni wa Yesu, au amepotea huku amekaa kitini kwake, anakunywa chai.

Alhamisi hii nikakaa kwenye kiti. Nilikuwa nimeandaa swali zuri la kitaalamu, lakini mdomo ukatoa lile la Bibi.

Dada mmoja akasema Mungu anaangalia moyo. Nikamjibu kwamba moyo nimeusoma, unasukuma damu, haukumbuki mtu. Kaka mwingine akasema kwa kuwa Bibi aliamini alipokuwa na akili timamu, inahesabika. Nikamuuliza kama imani ni cheti, ukishakipata unakitia fremu. Najua nilikuwa mkali. Kila jibu nilikuwa nalifahamu kabla hawajalimaliza, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nawapa wengine majibu hayo hayo.

Mwishowe wote tukamgeukia Kaka Elisha. Akasema subiri kwanza. Tukasubiri sana. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua viganja.

"Sijui, Rehema," akasema. "Kwa kweli sijui."

Ndiyo desturi yetu, alifanya sawasawa. Lakini nilikasirika mno. Nilichukua mkoba nikatoka kabla ya sala ya kufunga, nikatembea mpaka nyumbani kwenye manyunyu, nikiwaza kwamba kama Kaka Elisha hajui, basi kumbe wote tunabahatisha.

Mwanaidi alinikuta nimekaa kitandani na viatu vyangu vya matope. Nilimweleza yote. Nilitegemea aseme jambo zito, maana huwa ana maneno. Yeye aliniuliza tu mara ya mwisho nilikwenda lini kumwona Bibi.

Nikaanza: mara mafunzo ya vitendo hospitalini, mara nauli, mara mvua imeharibu barabara. Aliniacha niishiwe. Ukweli ni kwamba sikuwa nimekanyaga huku tangu Krismasi, na baada ya simu ya Shangazi ndiyo nikaogopa kabisa. Niliogopa Bibi asije akaniuliza na mimi swali lile. Mchungaji ni mtu mzima, ana majoho yake. Mimi angeniuliza ningesema nini?

Asubuhi ya jana Mwanaidi alinifungia visheti kwenye mfuko, akasema ni vya Bibi, nisivile njiani. Vipindi vilipoisha nikaondoka. Muheza nikanunua machungwa, nikapanda gari la huku. Vile tunavyopanda mlima joto linabaki nyuma, dirisha linaanza kutoa baridi, chai inatandaza kijani chake pande zote mbili, na mimi visheti nimevipakata.

Bibi alikuwa barazani. Amepungua. Nilipiga goti nikafungua mdomo nimwamkie, na kabla sijatamka, yeye akajiinua kidogo kwenye kiti, akaweka viganja pamoja, akasema:

"Shikamoo."

Bibi yangu aliniamkia mimi.

Sijui nieleze vipi. Tangu najua kuongea ni mimi ninayetoa shikamoo na yeye ndiye anayetoa marahaba. Kupokea shikamoo ya mtu aliyemzaa baba yako ni laana ya kujitafutia. Nikaanza kumsahihisha, kwa upole, lakini nilikuwa nasahihisha. Nikamwambia hapana Bibi, mimi ndiye wa kukuamkia, mimi ni Rehema, mtoto wa mwanao Samweli. Nikamwonyesha kovu la goti, la kidonda alichonifunga mwenyewe kwa kitambaa cha kanga nilipoanguka njiani kutoka kisimani. Nikamtajia shule niliyosoma, jina la mbuzi wetu wa zamani. Hoja juu ya hoja, ushahidi juu ya ushahidi, vile vile nilivyofundishwa.

Uso wake ukaanguka. Akarudi nyuma kitini, akamgeukia Shangazi, akamuuliza kwa sauti ndogo amemkosea nini huyu mama.

Shangazi alinivuta jikoni. Akanieleza kwamba siku hizi Bibi ni mtoto, anaishi kwa wazazi wake, na kila anayemwona ni mkubwa kwake. Anaamkia watu wote, hata muuza maziwa. Usipomwitikia anadhani amekosa adabu, anashinda siku nzima na huzuni. Mwitikie tu, akasema, wala usimwonyeshe mshangao. Jina la Bibi analiitikia bado, nadhani anafikiri ndilo alilopewa kuzaliwa.

Nikarudi barazani. Nikapita mbele yake kama mgeni anayefika sasa hivi. Akaniamkia tena, safari hii kwa woga.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Laana haikushuka. Bibi alitabasamu na meno yake machache, akanisogezea nafasi nikae. Nikaenda kulilia bafuni, nikanawa uso, nikarudi.

Leo asubuhi Shangazi aliwahi shambani akaniacha naye. Mbega walikuwa wanaruka kwenye miti nyuma ya nyumba, tunawasikia bila kuwaona, matawi yanavunjika ndani ya weupe. Nimemwosha Bibi, nimempaka mafuta, nimemfunga kilemba. Nikaweka visheti kwenye sahani na chungwa moja, nikaomba kwa kifupi kama kawaida, nikamalizia kwa jina la Yesu, amina.

Bibi akaweka kisheti chini. Akaniuliza, huyo Yesu niliyemtaja ni wa kwa nani.

Nilichokuwa nakikwepa tangu mwezi uliopita kilikuwa kimekaa mbele yangu, kina makombo ya visheti kidevuni. Ninayo majibu, mwajua. Ninayo ya wasioamini, ya wanaoamini vingine, ya maprofesa ambao sijawahi hata kukutana nao. Nikayapitia yote haraka haraka, sikupata hata moja la kumpa mtoto wa milimani anayekula kisheti.

Nikaanza kumsimulia tu. Nikamwambia mama yake aliitwa Mariamu, na mzee aliyemlea alikuwa fundi seremala. Bibi akapenda hapo, akasema seremala ni kazi nzuri. Nikamsimulia jinsi alivyozunguka vijijini akishika wagonjwa ambao watu hawakutaka kuwagusa, na kula na wale waliosemwa vibaya. Nikamwambia wakubwa walitaka kuwafukuza watoto, yeye akakataa. Bibi akajisogeza karibu. Alikuwa ameshika ncha ya shuka nililojifunika, hakuiachia.

Kisha nikamwambia walimkamata wakamuua.

Akaweka mkono mdomoni. Machozi yakamjaa. Akaniuliza kosa lake lilikuwa nini, na nikaona kwamba Bibi alikuwa anapata msiba pale pale. Mimi jambo hilo nimelieleza mara ngapi mbele ya watu, kwa mpangilio, kwa macho makavu, nikihesabu hoja kwa vidole. Sijawahi kumwona mtu akilisikia kama habari ya leo asubuhi. Nikaharakisha kufika siku ya tatu maana nilishindwa kumtazama. Nikamweleza wanawake walivyokwenda kaburini kulipopambazuka, wamebeba manukato yao, wasimkute.

"Mzima?" akauliza Bibi.

Nikasema mzima.

Alipiga makofi, akacheka mpaka kilemba kikalegea. Akanishika mkono akautikisa, kama mtu aliyeambiwa ndugu yake aliyesafiri amerudi salama. Nami nikacheka naye. Muda wote huu nimeitetea habari hii, na kusema kweli nilikuwa bado sijaifurahia. Leo nimeifurahia, barazani, na vidole vinanuka chungwa.

Ukungu ulikuwa unapanda ngazi za baraza. Nilidhani ameshasahau tulichokuwa tunaongea, nikaendelea kutoa nyuzi nyeupe kwenye chungwa lake, maana hazipendi.

Akaniuliza pole pole, bila kunitazama:

"Na mimi ananijua?"

Hilo lilikuwa swali langu. Hilo ndilo nililokuwa nimelibeba mpaka kwenye kiti cha mashaka nikalitupia watu kwa hasira, na sasa mwenyewe ndiye anayeliuliza, na hapakuwa na Kaka Elisha wa kusema subiri kwanza. Kwa sheria yetu ilikuwa halali kabisa kusema sijui. Nilijitazama ndani kama ndivyo ilivyo. Haikuwa hivyo.

"Anakujua, Bibi. Amekujua siku nyingi."

"Mimi nasahau sana, unajua," akasema, kama anayenionya mapema.

"Yeye hasahau."

Bibi akafikiri. Akasema basi vizuri, akafungua mdomo nimlishe chungwa.

Sasa amelala ndani, nasikia anavyokoroma kidogo. Sina hoja mpya ya kumpelekea Kaka Elisha. Nitakachompelekea ni samahani, maana alisema ukweli wake wote, nami nikamwondokea bila kuomba naye. Akiniuliza nilijuaje, sijui nitamweleza nini. Labda nitamwambia kwamba nilikuwa natazama kama Bibi bado amemshika Yesu, sikuwahi kutazama upande wa pili, mkono wa Yesu ulivyomshika Bibi.

Shangazi ananiita nikaonje mboga. Kesho mchana natakiwa kuteremka kurudi Tanga, Jumatatu kuna mtihani na sijafungua daftari. Lakini asubuhi tutakuwa na saa zetu mbili tatu barazani kabla gari halijaja. Bibi atakuwa hakumbuki lolote, si seremala, si wale wanawake na manukato yao. Nitamsimulia tangu mwanzo. Atalia, kisha atacheka, kwa mara ya kwanza.